Mombasa ya Mzigo: Kutoka Bandari ya Kale hadi Dongo Kundu

Jumapili

Nimekulia Tanga, na Tanga ndiyo iliyotangulia. Wajerumani walianza kutandika reli kwetu mwaka 1893, miaka mitatu kabla Waingereza hawajaanza ya kwao Mombasa. Kisha Mombasa ikatupita kwa mbali. Mimi nimeshuhudia kiwanda cha mbolea kikisimama na mitaa ya wafanyakazi ikipoa, nikawa najiuliza ng'ambo ya mpaka wamefanyaje. Mji uliojengwa kwa bandari, reli na viwanda hufanya nini kazi ya jana ikiisha? Hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Horohoro tuligonga mihuri mapema. Baada ya Lungalunga barabara inakata minazi hadi mashamba ya miwa ya Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilikufa miaka ya 1980 na miwa ikarudi baada ya muda mrefu. Ukunda hatukukaa. Likoni tukashuka na mizigo yetu, tukaingia katika ule umati wa watu, baiskeli, mikokoteni na magari unaosubiri feri.

Mkondo wa Likoni si mpana, lakini ndio mlango pekee wa meli zinazoingia Kilindini. Siku hiyo meli ya makontena ilikuwa inapita, nasi mamia tukasimama pale kwenye mteremko tukiisubiri. Mzigo kwanza, watu baadaye. Mama mmoja mwenye kapu la maembe aliniambia kwamba ndivyo ilivyo kila siku, na kwamba mwajiri wake hakubali sababu hiyo hata akiapa. Jirani ya hapo ni Mtongwe. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka pale na watu 272 wakafa, wengi wao wakielekea kazini. Sijui kuvuka maji haya bila kuwakumbuka.

Mjomba alinipokea Majengo. Ni mstaafu wa bandarini, na aliponiuliza nataka kuona nini nikamjibu nataka kuona kazi. Akacheka kwa furaha. "Basi ntakutembeza mimi, usiende na mtu mwengine."

Jumatatu

Tulianza kwa mahamri na mbaazi, halafu Mji wa Kale. Wageni hupelekwa moja kwa moja Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mimi nilitaka Bandari ya Kale, upande wa Tudor, kwa sababu huko ndiko uchumi wa mji ulikokuwa kabla ya mashine.

Uchumi ule ulikwenda kwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba na Bara Hindi, yamepakia tende, mazulia na vyombo. Kusi iliyarudisha na pembe za ndovu, nafaka na boriti za mikoko. Mji mzima ulikuwa na msimu wa kazi na msimu wa kungoja. Ibn Battuta alipita hapa 1331 akaukuta mji wenye misikiti, na Muyaka bin Haji aliyeishi hapa karne tano baadaye alitunga mashairi yaliyojaa vyombo, bahari na vita vya kisiasa vya Mvita, ndiyo Mombasa. Leo gati la kale bado lina majahazi machache. Niliona mifuko ya saruji ikipakiwa kwa mikono, mtu mmoja mmoja, ubao ukinesa.

Kutoka hapo tulitembea hadi Mwembe Tayari, ambako misafara ya kwenda bara ilikuwa ikijipanga. Wapagazi ndio waliokuwa reli ya wakati ule. Hata reli ilipokuja, ndani ya kisiwa watu waliendelea kusukumana: mwanzoni mwa karne ya 20 mabwana walipanda vijigari vilivyokwenda juu ya reli nyembamba za mitaani, na kilichovisukuma ni wanaume wawili au watatu wakikimbia nyuma. Nimeona picha za vijigari hivyo. Aliyeketi huwa anaitazama kamera. Wasukumaji hutazama chini.

Jumanne

Leo ni siku niliyoingoja. Bandarini hatuingii bila kibali, kwa hiyo mjomba alinipandisha upande wa Kipevu, kwenye mwinuko wa bara ambako unaona chini: makontena yamepangwa kwa rangi, kreni ndefu zimeinamia meli, malori yanazunguka kwa mstari mmoja.

Kilindini ina kina kirefu cha asili, na ndicho kilichoihamisha Mombasa kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine. Majahazi yaliweza kutua Bandari ya Kale. Meli za chuma zilihitaji maji haya. Gati mbili za kwanza za kina kirefu zilikamilika 1926, na kabla ya hapo mzigo ulishushwa kwenye matishari katikati ya maji, kisha ukaburutwa pwani. Kila hatua ilitaka mabega.

"Babangu alikuwa kuli," mjomba alisema. "Kibarua cha siku. Alfajiri yuwasimama langoni, serang'i, msimamizi wa makuli, yuwanyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Asiyenyooshewa hula jana yake."

Mfumo huo wa vibarua uliwafaa waajiri, kwa sababu meli zikiwa chache hakuna wa kulipwa. Lakini ulizaa kitu ambacho hawakukitarajia. Watu waliokosa kazi leo na kuipata kesho walijuana wote. Waligoma 1939. Kisha tarehe 13 Januari 1947 mji wote ulisimama: makuli, wafanyakazi wa reli, wa mahotelini, hadi mayaya na wapishi wa majumbani. Walikuwa kama 15,000. Walikutana kila siku kwenye kiwanja cha mpira walichokiita Kiwanja cha Maskini, wakajadili, wakachangiana chakula, wakaunda Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mgomo ulichukua siku kumi na mbili. Mishahara iliongezwa baadaye, na mwezi Agosti mwaka ule ule Kibachia alikamatwa, akapelekwa kuzuiliwa Baringo kwa miaka mingi.

Nilimuuliza mjomba kiwanja hicho kina alama gani leo. Alitikisa kichwa. Mji huu una mnara wa askari wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza, una pembe kubwa za bati juu ya barabara ya Moi zilizowekwa kwa ajili ya ziara za kifalme za Uingereza miaka ya 1950, na wapiga picha hawakosekani pale. Wale waliousimamisha mji kwa siku kumi na mbili wanastahili angalau ubao wenye majina. Nalisema hili kwa uchungu, maana makuli wa Tanga nao hawana.

Baada ya 1947, na tena baada ya mgomo wa 1955 ambao Tom Mboya aliusuluhisha, vibarua wa siku walisajiliwa, wakaanza kuwa wafanyakazi wenye mshahara wa mwezi. Mjomba aliingia akiikuta hali hiyo. Alinisimulia kwa vidole vyake: gangi lilikuwa na watu wangapi, nani alikuwa kwenye ngama ya meli, nani kwenye winchi, nani tali wa kuhesabu magunia. Meli ya kahawa au mbolea ilikaa gatini hata wiki mbili, na wiki mbili hizo zilikuwa chakula cha mtaa mzima, kuanzia kwa wauza uji hadi kwa fundi viatu.

"Halafu likaja sanduku," akasema.

Kontena lilibadilisha kila kitu tangu miaka ya 1980. Kwa hesabu za meli ni maajabu: kinachoshushwa kwa siku moja kilichukua majuma. Mwaka 2016 Kipevu ilipata kituo kipya cha makontena, awamu ya pili ikafuata 2022, na mwaka 2024 bandari ilivuka makontena milioni mbili ya futi ishirini. Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, mashariki ya Kongo, wote wanalishwa na gati hizi. Mjomba anajivunia, na ana haki. Alinionyesha kreni moja: "Pale juu yumo mtu mmoja. Yuwafanya kazi ya gangi langu lote."

Nikamuuliza gangi lilikwenda wapi. Wengine walirudi mashambani Kaloleni na Kwale, wengine wakafungua vibanda, wengine waliponea malorini. Jibu hilo la mwisho ndilo lililotupeleka Jumatano.

Jumatano

Asubuhi Miritini, kwenye stesheni ya reli ya kisasa. Jengo kubwa, safi, lina umbo la duara la kupendeza, na limekaa mbali na mji kiasi kwamba nauli ya tuktuk inauma. Reli ya kwanza ilianzia Kilindini 1896. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, karibu 2,500 wakafa kabla reli haijatua Kisumu 1901. Reli mpya ya kilomita 472 hadi Nairobi ilizinduliwa mwisho wa Mei 2017, kwa mkopo wa China.

Abiria wameipenda, nami siwalaumu. Ugomvi ulikuwa wa mizigo. Ili reli ilipe deni lake, serikali iliagiza makontena yapakiwe kwenye treni yakakaguliwe na kulipiwa ushuru bandari kavu ya Nairobi. Kwa Nairobi ni tangazo la karatasi. Kwa Changamwe, Miritini, Jomvu na Mazeras lilikuwa pigo: malori yaliegeshwa, mabohari ya makontena yakawa matupu, mawakala wa forodha wakafunga, na wale mama wa chapati na chai kando ya barabara kuu wakawa wanatazamana. Mwaka 2019 wakazi waliandamana mjini kila Jumatatu. Nilizungumza na fundi matairi aliyekuwa miongoni mwao. Aliniambia hakuwa na chuki na treni, ila alitaka mtu amweleze watoto wake wale wapi. Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia tu, ukaguzi ukarejeshwa Mombasa. Barabarani leo malori yamejaa tena na vumbi lake.

Kinachonishughulisha ni jinsi uamuzi wa mstari mmoja, uliofanywa kilomita 500 kutoka hapa, ulivyoweza kuufunga na kuufungua mji. Bandari ni ya taifa, ushuru ni wa taifa, lakini njaa yake huwa ya mtaa.

Mchana tulipita Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi kutoka 1963 hadi 2013. Mitambo ilizeeka, na mafuta yaliyosafishwa ng'ambo yakawa nafuu kuliko ya hapa. Matangi yanatumika kuhifadhi mafuta yanayokwenda bara kwa bomba, lakini minara ya kusafishia imesimama bure, na kwa mtu wa Tanga hayo ni mandhari ya nyumbani. Hatua chache mbele, saa ya kubadilisha zamu, mamia ya wanawake walikuwa wanatoka viwanda vya nguo vya eneo huru la mauzo ya nje. Chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kuziondolea ushuru bidhaa za Afrika, nguo nyingi za Kenya zilivuka bahari bila ushuru kwa miaka mingi. Suruali inayovaliwa Chicago huenda ilishonwa na mama anayepanga chumba Mikindani. Walitembea haraka, wakinunua mboga bila kusimama.

Alhamisi

Owino Uhuru. Mjomba hakuja, miguu ilimuuma, nikaenda na kijana wa jirani.

Ni mtaa wa nyumba za udongo na mabati, wenye wakazi wapatao 3,000, upande wa Mikindani. Mwaka 2007 kilifunguliwa ubavuni mwake kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Watu walishangilia ajira. Kisha moshi ukaanza kutua kwenye paa, maji machafu yakapita vichochoroni, kuku wakafa, mimba zikaharibika, watoto wakaugua magonjwa yasiyoeleweka. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa kiwandani hapo. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini mwake, iliyopitia katika maziwa ya mama. Akaacha kazi akaanza kugonga milango ya ofisi. Alikamatwa, alitishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Kesi ndiyo iliyochosha. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka kumi na saba siku ya hukumu hiyo.

Nilikaa na mzee mmoja chini ya mwarobaini. Sikumuuliza mengi. Yeye ndiye aliyeuliza: "Huko kwenu kiwanda kikija, mwauliza nini kwanza?" Nikamjibu ukweli, kwamba tunauliza kitaajiri wangapi. Akasema wao sasa wanauliza maji yake yatatokea wapi.

Nadhani swali hilo lapaswa kuandikwa kwenye lango la kila ofisi inayotoa vibali kutoka Vanga hadi Lamu. Ufufuo wa viwanda unaopigiwa debe kote pwani, kwetu pia, hauna maana yoyote kama mtaa wa jirani ndio utakaokunywa hasara.

Ijumaa

Siku fupi. Sala, kisha biriani kwa khalati ambaye hakuniachia nafasi ya kuandika.

Jioni nilipita karibu na ngome, Swahilipot, ambapo tangu 2016 vijana wana ukumbi wa kujifunza programu za kompyuta, sanaa na biashara. Kuna sababu ya hali hiyo kuota hapa. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Kabla yake Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti za bei kali. Bahari imeleta shehena nyingine, na hii haihitaji hata kreni. Binti mmoja alinionyesha ramani aliyoitengeneza ya misikiti na nyumba za kale, kila mlango uliochongwa una picha yake. Kazi safi, na nilimwambia hivyo.

Jumamosi

Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianzishwa 1951 na kuanza uzalishaji 1954, na saruji yake imejenga nusu ya nyumba ninazozijua pwani hii. Malighafi ni mawe ya matumbawe, mabaki ya miamba ya bahari ya kale. Kwa miaka ilichimbwa mpaka likabaki jangwa jeupe, lenye joto kali, maji ya chumvi karibu na uso, bila hata udongo wa kupanda kunde.

Mwaka 1971 kampuni ilimpa kazi ya kulifufua timbo hilo, shimo la machimbo, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi. Alijaribu aina 26 za miti. Iliyostahimili ilikuwa michache, na mshindi alikuwa mvinje, mti wa ufukweni ambao mizizi yake hushirikiana na vijidudu kujitengenezea mbolea ya naitrojeni. Miti ikakua, lakini majani yake yakarundikana chini yakagoma kuoza. Haller akagundua kwamba jongoo wanayala. Akawaleta kwa wingi. Jongoo walitafuna, kinyesi chao kikaliwa na bakteria, na udongo mweusi ukaanza kuumbika juu ya jiwe, sentimita kwa sentimita. Baadaye wakaja nyasi, ndege, samaki wa mabwawa, twiga. Hapa ndipo kiboko mdogo Owen, yatima wa tsunami ya Desemba 2004, alipojisogeza kwa kobe mkongwe Mzee na dunia nzima ikawapenda.

Nilipiga magoti, nikachota udongo huo. Ulikuwa na unyevu na harufu ya msitu. Miaka hamsini na kidogo iliyopita hapa palikuwa jiwe tupu. Sikuona kitu Mombasa kilichonipa tumaini kubwa zaidi, na kimefanywa kwa subira, elimu na mdudu ambaye watoto humrushia mawe. Mwisho wa 2024 kiwanda chenyewe kilinunuliwa na Amsons ya Tanzania, na Watanzania wenzangu niliokutana nao getini walikuwa wakilitaja jambo hilo kwa fahari. Fahari hiyo naitaka pia kwa timbo. Mwenye kiwanda sasa ndiye mwenye dhima ya msitu.

Jumapili

Mjomba aliniagiza nisipite Likoni nikirudi. "Pita Dongo Kundu, ukaone mji unapokwenda."

Basi nikachukua gari linalozunguka kwa barabara mpya ya kusini. Linatoka Miritini, linavuka hori za Mwache na Mteza kwa madaraja marefu, mikoko pande zote mbili, na kutokea Kwale bila kugusa feri. Huku ndiko serikali inakotenga eneo maalumu la kiuchumi, kwa msaada wa Japani: gati, viwanda, mabohari. Kwa sasa unaona zaidi minazi, nyumba za wenyeji na mashine zinazosawazisha ardhi.

Aliyekaa kando yangu ni kijana wa Mtongwe, amehitimu uchomeleaji katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, chuo kilichoanza kama taasisi ya elimu ya Waislamu mwishoni mwa miaka ya 1940, kikawa politekniki 1972 na chuo kikuu 2013. Anajua kila kampuni inayotajwa Dongo Kundu na amepeleka barua zake. Familia yake ina shamba ndani ya mpaka wa eneo hilo, na anachotaka kujua ni kama anayetoa ardhi atahesabiwa wa kwanza kwenye ajira. Bado hajajibiwa.

Aliposikia natoka Tanga aligeuka mzima mzima. Aliuliza kuhusu Chongoleani, linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda: wachomeleaji huchukuliwaje, wageni hukubaliwa, kibali cha kazi hugharimu nini? Nikamwambia kuchomelea bomba la mafuta kunataka cheti chake mbali na diploma, akitafute kwanza, na kwamba asiuze shamba kwa ajili ya safari hiyo. Akatoa daftari akaandika. Tulipofika Ukunda bado alikuwa na maswali, tukashuka wote tukanywa chai ya tangawizi, na nikaliacha gari langu la kwanza la Lungalunga lipite.